Gagulo Jekundu Langoni

Mwanamume mzima, mwenye ndevu, mke na watoto pacha, haitwi Lipstiki bila sababu. Sababu ipo, na mwenyewe haoni taabu kuisimulia, kwa kuwa amegundua kwamba akiisimulia yeye kwanza watu hucheka mara moja tu; wakiisimulia wao, hucheka mpaka wiki inayofuata.

Kabla ya jina hilo alikuwa mshereheshaji. Alishika kipaza sauti kwenye harusi, mahafali na ufunguzi wa maduka ya simu. Sauti alijaliwa: nzito, yenye mkwaruzo kidogo, sauti ya kumwamsha shangazi aliyesinzia akapiga vigelegele kabla hajajua anamshangilia nani. Kilichomponza ni kutojua pa kukomea. Kwenye harusi moja alimtambulisha mjomba wa bwana harusi kwa maneno mengi hata mjomba akaondoka, akala, akanawa, akarudi, akakuta bado anatambulishwa. Tangu hapo simu za kumwita zikapungua, kisha zikakauka kabisa. Yeye alisema watu siku hizi hawana ladha ya lugha. Mke wake, ambaye ni fundi cherehani, alisema watu wana njaa tu.

Ndipo mama mkwe alipomwonea huruma. Au alimwonea huruma binti yake, hilo halijathibitishwa. Mama huyo alikuwa na shamba dogo la mapera nyuma ya nyumba waliyoishi wote, alilolipanda kwa mikono yake tangu ujana. Sasa magoti yalikuwa yamemgomea, naye alikuwa anahamia kwa binti yake mkubwa, karibu na hospitali. Alimkalisha mkwewe kwenye kochi, akamtazama kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua.

"Mwanangu, nakupa msimu huu mmoja. Nikija wakati wa kuvuna nikakuta mapera yana afya, shamba ni lenu, wewe na mkeo. Nikikuta limekushinda, nampa jirani afyatue matofali yake. Amenisumbua vya kutosha."

"Mama, hili shamba utalisahau kwa uzuri!"

"Sitaki kulisahau. Nataka kulikuta."

Jirani mfyatua matofali hakuwa mtu mbaya. Ila kila alipopita uani aliutazama ule udongo kama watu wanavyotazama nyama buchani, na siku moja aliinama, akaubana kidogo kwa vidole, akaguna kwa mapenzi. Tangu siku hiyo Lipstiki (tumwite hivyo kuanzia sasa, atazoea) hakulala vizuri.

Sasa, mshereheshaji asiye na harusi hubaki na domo lake, na domo likikosa kazi hujitafutia. Lipstiki alisimama langoni na beseni la mapera machache yaliyowahi kuiva akatangaza kama vile yuko ukumbini: "Pera hili halijui dawa! Halijawahi kuonja dawa tangu lizaliwe! Linajua mvua, jua na mapenzi ya mkulima!" Watu wakacheka, wakanunua. Kwa majuma ya kwanza ilikuwa kweli. Hakuwa amepulizia dawa, kwa sababu rahisi kwamba hakujua dawa inapuliziwaje. Uvivu na ujinga vikavaa suti, vikajiita msimamo.

Kisha wakaja inzi wa matunda. Ni wadudu wadogo, wenye rangi ya asali, na ukiwatazama vibaya unaweza kuwaita wazuri. Wanatoboa pera lingali bichi na kutaga mayai ndani, nawe ukilipasua linapoiva unakuta ukoo mzima umeamka. Wateja walipolalamika, Lipstiki hakutikisika.

"Huyo funza ni cheti," aliwaambia. "Pera lenye dawa funza hulikimbia. Mkiona funza, mjue mmepata mali safi."

Maelezo hayo yaliuza mapera siku kadhaa. Mpaka asubuhi moja mteja wake mkubwa, muuza nguo za mitumba ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mitumba, akarudi na pera lililomegwa, akaliweka juu ya beseni.

"Nimekurudishia cheti chako," akasema. "Kinatembea."

Siku ileile Lipstiki akasikia kwamba bibi shamba, yule mtaalamu wa kilimo wa kata, ataendesha mafunzo ya kutumia dawa za wadudu kwa usalama, kwenye darasa la shule ya msingi. Akaenda. Lakini alipofika alisimama mlangoni akawatangazia wakulima wenzake kwamba yeye hakuja kujifunza, kwa kuwa shamba lake halijui dawa. Amekuja kuwaunga mkono tu.

"Karibu utuunge mkono huku mbele," akasema bibi shamba. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vilivyojaa vumbi na sauti ya upole ambayo ilikuwa mtego mtupu. "Tena umevaa vizuri."

Kila mtu alikuwa ameambiwa avae nguo nyeupe. Wengine walikuja na fulana za kulalia. Lipstiki alikuja na suti yake ya harusi, shati jeupe, suruali nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake miwili ikasimama kama ya karatasi. Bibi shamba akamtwika bomba la mgongoni lililojaa maji yaliyokolezwa rangi nyekundu ya kupambia keki, akamwambia aipulizie michongoma ya shule kama ambavyo angepulizia shamba lake. Yaani, akaongeza, kama shamba lake lingekuwa linajua dawa.

Lipstiki hakuwahi kukataa jukwaa. Akaenda akipulizia huku anawapungia watu mkono. Alipulizia akielekea upepo unakotoka, kwa kuwa upande huo ndio uliokuwa na watazamaji. Katikati ya kazi, nozeli ikaziba. Ile pua ya mbele ya bomba inayotawanya dawa. Hakusita. Aliifungua, akaitia mdomoni, akaipuliza puu, akairudisha. Kisha yakafika mapumziko, akaenda msalani, akarudi, akachukua karanga za bure mezani, akamaliza mstari.

"Simama hapo," akasema bibi shamba. "Wenzangu, tumsome."

Wakamsoma. Mgongo ulikuwa mwekundu kwa sababu mfuniko wa bomba haukukazwa. Kifua kilikuwa chekundu kwa sababu ya upepo. Viganja vilikuwa vyekundu, na kila kilichoguswa na viganja: sikio, shingo, ndevu. Kwenye suruali nyeupe, pale penye zipu, palikuwa na alama za vidole zilizokaa vizuri mno, na kila aliyezitazama alijua alikwenda wapi wakati wa mapumziko na hakunawa kabla ya kwenda. Lakini hayo yote hayakuwa kitu. Midomo ilikuwa imeiva. Ilikuwa imekolea sawasawa juu na chini, bila hata kuvuka mpaka, kazi ambayo mabibi harusi hulipia.

"Lipstiki!" akapiga kelele mtu wa nyuma, na darasa likaangua kicheko.

Bibi shamba alisubiri wamalize. "Hii ni rangi ya keki," akasema. "Ingekuwa dawa, sasa hivi tungekuwa tunatafuta gari la kumpeleka hospitali. Nozeli ikiziba, ioshe kwa maji na mswaki mkuukuu. Mdomo wa mwenye shamba una kazi nyingine."

"Nyingi mno," akasema mtu wa nyuma.

Ajabu ni kwamba kuanzia hapo Lipstiki alisikiliza. Midomo ikiwa imepakwa hivyo, hakuna aliyeweza kuongea naye bila kucheka, kwa hiyo alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu abalehe, na mtu akinyamaza masikio hupata nafasi. Alisikia kwamba dawa ni hatua ya mwisho; kwanza okota mapera yote yaliyoanguka na kuyafukia, tega mitego ya inzi, halafu ndiyo ufikirie bomba. Alisikia kwamba lebo husomwa kabla ya kufungua kopo. Kwamba hupulizii bila glavu, buti, miwani na barakoa, na ukimaliza unaoga kwa sabuni na zile nguo hazifuliwi pamoja na za watoto. Kwamba kukitokea ajali unakwenda zahanati na lebo mkononi. Na kwamba baada ya kupulizia, shamba hufungwa: kitambaa chekundu langoni, na hakuna anayechuma mpaka zipite siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo.

"Na pera ndilo la kuogopa zaidi," bibi shamba akamalizia. "Chungwa unalimenya. Pera unalifuta kwenye nguo unalitia mdomoni na ganda lake. Kitambaa chekundu, jamani. Tumekubaliana mtaa mzima: ukikiona, usiguse kitu."

Wakakubaliana. Lipstiki naye akakubali, kwa kichwa.

Aliokota mapera, alifukia, alitega mitego. Inzi wakapungua, lakini hawakwisha, na mavuno yalikuwa yanakaribia. Ikabidi anunue dawa. Hapo ndipo yeye na mkewe walipokwaruzana, sebuleni, katikati ya sare za shule alizokuwa anashona kwa oda.

"Apron yako hii," mke akasema, akimrushia vazi la plastiki alilolishona kutokana na kitambaa cha meza. "Na kipande cha kitambaa chekundu kimo kwenye kile kikapu cha mabaki. Chukua."

"Cha nini?"

"Baba Pacha, usijitie hamnazo. Cha langoni."

"Mke wangu, fikiria. Kile kitambaa kila mtu anakijua. Nikikitundika ni sawa na kusimama na kipaza sauti nikasema jamani nilikuwa nawadanganya. Nitamuuzia nani? Na mama yako? Nimemwambia kwenye simu kila Jumapili kwamba halijui dawa. Ameniombea dua kwa ajili ya hilo!"

"Basi mwambie ukweli."

"Nitamwambia. Baada ya mavuno."

Mke akakata uzi kwa meno. "Mimi nikikata shati vibaya, siliiti mtindo mpya. Nalifumua." Akarudi kwenye cherehani yake.

Lipstiki alitafakari usiku kucha na kupata akili ambayo mpaka leo akiikumbuka hujipiga kofi la paji la uso. Sheria inataka kitu chekundu langoni. Haijasema kitu gani. Kipande cha kitambaa kingeongea; lakini nguo iliyofuliwa, ikaanikwa, nani ataishangaa? Atakuwa ametii na hajajitangaza. Moyo wake ukatulia kabisa, na hiyo pekee ilitosha kumjulisha kwamba jambo si sawa, lakini hakuwa na mazoea ya kuusikiliza.

Kulipopambazuka mkewe akaondoka na pacha kwenda kupeleka sare za shule. Upepo ulikuwa umelala. Lipstiki akavaa glavu, buti, apron ya kitambaa cha meza yenye picha za mananasi, miwani na barakoa, akawa kama mtu aliyetumwa kuiba asali kwenye sherehe. Akasoma lebo mara mbili. Akapima kwa kipimo chake na si kwa kizibo. Akapulizia mstari kwa mstari, upepo ukiwa mgongoni, hakugusa uso, hakugusa zipu, na nozeli ilipoziba aliisugua kwa mswaki huku amefunga mdomo kwa nguvu kama mtoto anayekataa uji. Bibi shamba angelia kwa furaha. Alipomaliza aliliosha bomba, akafungia kopo kabatini, kisha akaingia ndani, akapekua kikapu cha nguo zilizofuliwa na kupata alichokitafuta: gagulo jekundu, lile vazi la ndani la kike la kuvaa chini ya gauni, lenye marinda matatu na lesi kwenye pindo. La mke wangu, akajisemea. Akalitundika langoni kwa vibanio viwili, akarudi nyuma hatua chache kulitazama, akaona ni akili ya hali ya juu.

Kisha akaenda kuoga, kama alivyofundishwa.

Bafu lao lilikuwa la nje, la mabati, na bati moja lilikuwa na tundu la msumari. Alikuwa amejipaka sabuni kutoka utosini mpaka kisiginoni aliposikia:

"Hodi wenyewe! Hodi!"

Aliijua sauti ile. Mtu anaweza kusahau sauti ya mama yake, lakini ya mama mkwe huingia kwenye mifupa. Akafungua macho, sabuni ikamwingia, akajikaza kisabuni kwa maana yote, akabandika jicho moja kwenye tundu. Mama mkwe alikuwa ameshapita langoni. Kwapani alikuwa amebana kitu chekundu kilichokunjwa vizuri mara nne. Alikuwa amekuja kulikagua shamba kabla ya siku, kama anavyofanya kila mtu mwenye busara anayetaka kukukuta ulivyo. Na sasa alikuwa amesimama chini ya mpera wa kwanza, anatabasamu, anachuma pera kubwa, la njano, lisilo na tundu hata moja, lililokuwa halijakauka vizuri.

Akalifuta kwenye kifua cha gauni lake.

Hapa Lipstiki anapofika, husimama kidogo ili msikilizaji aone alivyokuwa mpumbavu kwa ukamilifu. Kwa maana hata wakati ule, yuko uchi, na jicho linawaka, na mzazi wa mkewe ameshika sumu mkononi, bado alishindwa kuanza mwanzo wa jambo. Mtu hamkemei mama mkwe. Mtu humpamba kwanza.

"Mama mpendwa, shikamoo!" akanguruma kutoka bafuni. "Karibu sana, pole na safari, na kwa heshima na taadhima kubwa, ukiruhusu, ningependa kuchukua fursa hii..."

"Marahaba, mwanangu," akasema mama mkwe, akalimega pera.

"TEMA!"

Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa. Ndege waliruka. Jirani mfyatua matofali, ng'ambo ya uzio, alidondosha kalibu. Na mlango wa bafu ukafunguka, na nje akatoka mkwe, povu tupu, na taulo la watoto lenye picha ya bata ambalo lilifunika kile lilichoweza.

"Tema, Mama! Tema! Usimeze! Tema!"

Mama mkwe alikuwa ameishi miaka mingi na hajawahi kukemewa na mwanamume aliyevaa bata. Alibutwaa, na katika kubutwaa kule mdomo ulibaki wazi, na kile kipande cha pera kikaanguka chenyewe. Lipstiki akamwekea ndoo ya maji safi.

"Sukutua. Tema. Tena. Nawa mikono. Tena, Mama, na sabuni." Aliitoa sabuni pale alipokuwa nayo kwa wingi, begani kwake. "Umemeza?"

"Sijameza," mama akasema, akitazama juu mtini, kwa kuwa kwingine kote kulikuwa na mkwe. "Kuna nini? Mwanangu, umerukwa?"

"Nimepulizia dawa alfajiri ya leo."

Mama mkwe akaacha kusugua mikono.

"Dawa gani? Si halijui dawa?"

"Limeijua leo, Mama. Nitakueleza njiani. Twende zahanati."

Alivaa kilichokuwa karibu, yaani koti la ushereheshaji juu na kaptura chini, akachukua lebo, na wakapanda pikipiki ya kukodi, mama mkwe katikati. Njiani hakueleza kitu. Shamba lilikuwa limeshatoka akilini mwake kabisa; hata kama lingefyatuliwa matofali mpaka upande wa pili wa dunia, yeye alichotaka ni yule mama aliye mbele yake asianze kutetemeka. Alimchungulia shingo, mikono, jasho.

"Usinipumulie," mama mkwe akasema. "Sijafa."

Zahanati ilikuwa imejaa. Kwenye benchi la mbele alikaa Mama Mitumba, anasubiri kuchomwa sindano ya mgongo wake. Tabibu alikuwa nyuma ya kidirisha cha kioo chenye tundu dogo chini, na ili akusikie ilibidi uinamie tundu lile.

"Mgonjwa ana nini?"

"Amemega pera lenye dawa," Lipstiki akanong'ona. "Hakumeza."

"Sisikii. Amemeza nini?"

"Hakumeza. Pera. Lina dawa."

"Baba, ongea! Lina nini?"

Na hapo mazoea yakamsaliti. Miaka yote Lipstiki alikuwa hajui kupaza sauti bila kufungua sherehe. Akavuta pumzi, akainuka kutoka kwenye tundu, na ikamtoka:

"Mabibi na mabwana! Huyu ni mama mkwe wangu. Amemega pera la shambani kwangu. Nimelipulizia dawa ya inzi leo alfajiri, lebo hii hapa. Hakumeza, amesukutua, amenawa. Naomba aangaliwe!"

Benchi zima likageuka. Mama Mitumba alimtazama kuanzia koti mpaka kaptura.

"Kumbe linaijua," akasema.

"Linaijua," Lipstiki akajibu. "Kuanzia leo. Uliyokula mwanzoni hayakuwa na dawa, yalikuwa na vyeti tu, naapa."

Tabibu aliisoma lebo kwa makini, akamkagua mama macho, akampima mapigo, akamuuliza kama ana kichefuchefu, kizunguzungu, mate mengi.

"Mimi naumwa aibu tu," akasema mama mkwe.

Akaambiwa akae kwenye benchi mpaka mchana, ili waone. "Kilichosaidia ni kutema na kusukutua mara moja," tabibu akasema. "Na kuja na lebo. Wengi hutuletea maelezo tu." Lipstiki alitaka kushukuru kwa hotuba, akajizuia, akakaa.

Walikaa wawili pale, mama mkwe na mkwe, wakitazama ukuta wenye picha ya mtoto anayenawa mikono. Lipstiki alihesabu kosa lake kila upande na halikupungua. Alikuwa amevaa glavu kujikinga yeye. Alikuwa amevaa miwani kuyakinga macho yake. Kila alichofundishwa cha kumlinda mwenye bomba alikuwa amekifuata mpaka mwisho, na kile kimoja cha kumlinda mwingine ndicho alichokivisha marinda.

"Mama," akasema mwishowe. "Lile shamba mpe jirani. Kile kitambaa chekundu cha kuwaonya watu langoni sikukitundika. Niliogopa watu wajue, na wewe ujue. Nikaweka gagulo la mke wangu ili..."

"La nani?"

"La mke wangu."

Mama mkwe akafungua mkoba. Akatoa gagulo jekundu, lililokunjwa vizuri mara nne, akaliweka kwenye mapaja yake.

"Hili ni langu," akasema. "Nililisahau kwenye nguo zenu nilipohama. Nimeshuka kwenye gari, barabarani, mchana kweupe, mbele ya watu, nakutana na gagulo langu linapepea langoni kama bendera ya taifa. Kwa nini nililitoa? Ulifikiri nalisaidia kukauka?"

Lipstiki alitamani dawa ile angeimeza yeye.

Mama Mitumba, aliyekuwa anasikiliza bila hata kujifanya hasikilizi, aliegemea ukuta akaanza kucheka, mwanzo kimya, kisha mabega, kisha mgongo wake mbovu ukamfanya apige yowe la maumivu katikati ya kicheko. Kicheko kikahamia benchi la pili. Na mama mkwe, ambaye uso wake ulikuwa umekazwa tangu shambani, midomo ikaanza kumcheza.

"Na bata," akasema. "Mungu wangu. Bata."

Alipomaliza kufuta machozi, akawa mkavu tena.

"Sasa sikiliza. Msimu mzima umenipamba kwa maneno, kila Jumapili, na yote yalikuwa uongo wenye adabu. Leo umenifokea neno moja, huna adabu wala nguo, na lilikuwa kweli. Mapera nimeyaona. Yana afya. Shamba chukua."

"Mama, kwa kweli sina maneno..."

"Ndiyo. Kaa hivyohivyo. Na hili," akamwekea gagulo mkononi, "mimi sitalivaa tena baada ya kuonwa na mtaa mzima. Mpe binti yangu alishone liwe kitambaa chenu cha langoni. Safari hii watu wajue ni la nini."

Mkewe alilifumua jioni ileile. Marinda mawili aliyaondoa. La tatu, lenye lesi, alikataa kuliondoa, akasema hiyo ni adhabu. Siku za kusubiri zilipita, wakavuna, wakauza kidogo kuliko alivyotarajia na vizuri kuliko alivyostahili. Siku ya kupulizia bendera hupanda, na Lipstiki husimama kando yake, nje ya lango, na watu wapitao humtania.

"Lipstiki, vipi leo, linaijua?"

"Linaijua. Usiguse. Njoo Jumamosi ijayo."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi ule na ganda lake."

Mama Mitumba ndiye huja wa kwanza. Anasema hana shida na mapera ya Lipstiki siku hizi, kwani anajua siku ya kula na siku ya kutokula, na hakuna cheti kinachotembea.

Mama mkwe naye huja kukagua. Husalimia kwa furaha, huuliza habari za pacha, husifu mapera. Ila tangu siku ile, mkwewe akimwamkia, yeye huitikia marahaba akitazama juu mtini.